Masanduku Mawili ya Baba

Hapa mtaani Kapata hatujawahi kupungukiwa na spika. Jumapili asubuhi makanisa ya mtaa wetu yanamhubiria Mungu yote kwa pamoja, kila moja likiwa limeelekeza spika zake kwenye dirisha la jirani yake, na anayeshinda si mwenye neno zito bali mwenye jenereta jipya. Nilikuwa nimeapa kwamba kwangu hakitaingia chombo cha kelele.

Kisha baba akaniomba kitu. Baba alifanya kazi miaka yote kwenye mashine ya kusaga mawe ya mgodi. Kampuni ilimpa nyumba hii, moja katika safu ya nyumba zinazofanana, na yeye akaiachia kampuni masikio yake. Hakuna aliyeandika mkataba, lakini kila upande ulitimiza. Mama aliimba kwaya ya parokia hadi alipofariki, akaacha kaseti moja tu. Baba alitaka kumsikia tena, hata mara moja, kabla naye hajaondoka. Nilimvalisha vile visikilizio vya kichwani, akavivua. Nilimwekea mapajani spika ya dukani, inayowaka taa za rangi, akaitazama kwa huruma.

“Iko nzi mule ndani,” akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza spika za pembe. Nilisoma kwenye simu: spika ndogo inawekwa kwenye koo jembamba la mbao, njia inapanuka polepole hadi mdomoni, na sauti inatoka kubwa bila kupiga kelele. Jambo hilo lilinifurahisha, maana Kapata tunajua kupiga kelele tu. Nikazunguka soko zima nikitafuta spika mbili ndogo zenye nguvu. Malori ya shaba yanapita barabarani kwetu mchana kutwa kwenda mpakani, na mimi nilikuwa natafuta uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa ndani ya spika iliyotoka ng'ambo. Huenda ulichimbwa nyuma ya choo chetu. Umetembea dunia kuliko mimi.

Mbao nilizikata na kuzigundisha mwenyewe uani. Kwa kuwa njia ya sauti ni ndefu na inakunjwa ndani, kila sanduku lilifika karibu kimo cha mtu, pana upande wa juu na jembamba kuelekea chini. Niliona ni umbo zuri. Sikuona kingine chochote.

Kwa kumalizia nilitaka fundi bora, na Kapata fundi bora ni mtengeneza majeneza. Aliye hai kwetu hukalia kiti chenye vibanzi wala halalamiki; maiti ndiye anayepigiwa msasa hadi ubao uteleze kama sabuni. Nilimwambia nataka verni nzito ya kung'arisha mbao, na kitambaa mdomoni cha kuzuia vumbi. Nilimweleza kwamba ni masanduku ya sauti. Akaitikia kwa upole, kama mtu aliyezoea wateja wanaoongea ovyo kwa sababu ya msiba.

Alifanya kazi yake vizuri mno. Akaongeza vishikio vya rangi ya dhahabu ubavuni, zawadi yake. Kitambaa akaweka cha lasi nyeupe, kilichokunjwakunjwa pembeni. Halafu, siku ambayo mimi nilikuwa kazini, akayapakia mkokoteni, akayafunika shuka nyeupe na kuyaleta kwa mwendo wa mazishi, taratibu, yeye akitangulia na kofia mkononi.

Baba alikuwa na malaria, amelala ndani bila kusikia kitu, hajaonekana nje wiki nzima. Safu yote ikaona mkokoteni unasimama mlangoni petu, na hakuna aliyeuliza, kwani kuuliza mlangoni pa mfiwa ni utovu wa adabu. Wanawake wakajifunga vitenge kiunoni. Wanaume wakatandaza turubai, wakasimamisha makuti ya mchikichi njiani kuwa ishara ya msiba, wakaleta kuni, viti na jenereta. Masanduku kuwa mawili hakukuwasumbua: moja la mzee, la pili la mwanawe, ambaye bila shaka alikuwa ameanguka kazini kwa mshtuko. Wengine walikuwa wanajua hata nilivyoanguka.

Nilirudi alasiri kwa pikipiki. Pale kona jirani yangu mmoja aliniona, akatua beseni lake la unga chini, akaketi juu ya unga. Uani mzee wa parokia alikuwa amesimama akisifu uvumilivu wangu. Mimi sina uvumilivu hata kidogo. Nilijibanza nyuma nikasikiliza, maana nikiwa hai sijawahi kusifiwa katika ua ule.

Waliponiona walikasirika. Mama mmoja mwenye sufuria kubwa ya ugali akasema kwa niaba ya wote.

“Sasa bukari hii, tata, tutairudisha wapi?”

Nikapandisha lasi kuwaonyesha spika, fundi akitetea vishikio vyake. Umeme haukuwepo, kama kawaida, lakini jenereta la kilio lilikuwa linanguruma tayari. Nikaunganisha nyaya, nikatia kaseti kwenye redio. Kwaya ikatoka, halafu sauti ya mama peke yake. Wanawake walioimba naye zamani walimtambua, wakaanza kumwitikia chinichini, na hasira ikaisha.

Baba akatoka amejifunika blanketi. Niliogopa uso wake. Kama angesema tena nzi, mimi sikuwa na kitu kingine cha kujenga. Akapita katikati ya watu bila kuwatazama, akaweka kiganja kwenye mdomo wa pembe, kisha sikio. Akabaki hapo hadi ubeti ukaisha. Ndipo akageuka, akaona turubai, makuti, vitenge viunoni.

“Ni kilio ya mama yako,” akasema.

Nikampigia kelele sikioni kwamba hapana, wamekosea, hakuna aliyekufa. Akanisogeza kwa mkono.

“Siku ile ya kumuzika balikuwa banaimba, mi nilikuwa naona tu binywa. Sikusikiaka kitu. Leo njo nasikia.”

Akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele, kile cha mfiwa. Nikaketi kando yake, nikalia mbele ya watu wote, na mama wa sufuria akaanza kugawa bukari.