Makohozi ya Mzee Vuai

Kikopo kilirudi. Mzee Vuai alikiona mkononi mwa Raniya, muuguzi wa watu wa utafiti, akajua leo kuna maneno.

"Mzee wangu, haya ni mate. Mimi nataka makohozi."

"Si yote yametoka kinywani mwangu?"

"Nataka ya kifuani."

Vuai akafyonya. Tangu watu hao waingie Wambaa, kijijini kwao huku Pemba, hakupata raha. Walitafuta wavuta sigara wa siku nyingi, wawatoe damu na makohozi. Ati saratani ya mapafu, kabla haijawa uvimbe, huenda ikaacha alama zake humo. Raniya hakuwaficha: kazi bado ni ya kutafuta. Lakini atakayeonekana na alama, atapelekwa kupigwa picha ya kifua mapema, angali na nguvu za kutibiwa.

Barazani, jirani yake Nyange alimcheka. "Wape damu yako, yakhe. Mwaka huu wa uchaguzi utasikia imeshapiga kura Unguja, na wewe uko hapa hapa."

Watu waliangua kicheko. Vuai hakucheka. Tangu mkewe Bi Mwatum afariki, vicheko vilimchosha.

Aliyemlazimisha akubali ni bintiye, Rahila. "Baba, ukikohoa nyumba nzima inaamka. Mama nshamzika. Na wewe unataka nikuzike lini?"

"Mimi sijafa."

"Na mama alikuwa hajafa, mpaka alipokufa."

Maneno hayo yalimuudhi. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Mwatum hakutia sigara mdomoni maisha yake yote. Mvutaji yeye, aliyekufa kwa saratani ya mapafu mkewe. Leo ndio wanakuja na vikopo vyao!

"Ulifanyaje asubuhi, mzee?" Raniya akamuuliza, kikopo kile bado mkononi.

"Nilipiga mswaki. Nikatawadha, nikasukutua vizuri. Nikasali. Nikatafuna karafuu, ndipo nikatema."

Rahila, aliyesimama kando yao, akajishika kichwa. "Baba! Umeosha kila kitu! Na karafuu juu yake?"

"Nimpe uchafu mtoto wa kike wa watu? Mimi nimelelewa."

Raniya hakucheka. "Ukiniletea safi, mzee, nitaambiwa huna kitu. Utakaa na furaha yako, na kitu kimo ndani. Kesho alfajiri ukiamka tu, kabla hujagusa maji, kohoa kutoka chini, uniletee skuli. Tukimaliza hapo tunaondoka."

Akampa kikopo kingine, na kifuniko chake cheupe. Vuai akakitia mfukoni bila kuaga.

Jioni akakiweka kando ya kitanda, pale pale ambapo Mwatum alikuwa akiweka kifuu chake cha nazi. Kila asubuhi mkewe alikohoa humo, akafunika kwa jivu, akaenda kukifukia nyuma ya jiko kabla hajaamka mtu.

"Kitu gani hicho?" aliwahi kumuuliza.

"Kikohozi tu, mume wangu. Usitazame, naona haya."

Alifukia hivyo mpaka siku kifuu kilipopinduka sakafuni, jivu likaonekana limeloa damu. Walipofika hospitali, daktari alitikisa kichwa. Mwatum na haya zake! Hata sasa, yumo kaburini, Vuai alimkasirikia, na hasira ikimpanda machozi humfuata nyuma.

Alfajiri muadhini akaadhini. Vuai hakugusa mtungi. Aliinama kitandani, akakohoa, akakohoa tena mpaka mbavu zikamuuma. Kikatoka kitu kizito, cha kijivu, kikaangukia kikoponi. Alinyoosha mkono kutaka kukitupia kitambaa. Akauacha mkono palepale. Akafunga kifuniko, akatoka.

Njiani alikutana na Nyange anatoka msikitini.

"Mbona hukuja kusali jamaa, Mzee Vuai? Umebeba nini?"

Vuai akafungua, akamsogezea puani. "Tazama. Kipigie kura."

Nyange akageuza uso, akatema chini.

Kwenye ua wa skuli gari lilikuwa tayari linapakiwa. Raniya akakipokea kikopo, akafungua, akakiinua kwenye mwanga.

"Ndiyo haya, mzee wangu. Majibu nitamletea Rahila mwenyewe."

"Yakiwa mabaya, niambieni mimi. Msinifunikie."

"Nitakwambia wewe."

"Haya. Basi niacheni nikatawadhe, jua linataka kutoka. Mmeshanikosesha sala ya jamaa."

Akageuka. Mbele ya geti kikohozi kikamshika. Akasimama, akakohoa mbele za watu, bila kuziba mdomo.