Mashine ya Kupima Makofi

Kwa karibu miezi mitatu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba chama kimenunua mashine ya kupima makofi. Habari zenyewe zilikuwa hivi: kwenye mkutano mkuu wa chama wa kaunti, pale Lodwar, mashine ingewekwa kando ya jukwaa ipime makofi ya kila wadi. Wadi itakayopiga makofi mazito kuliko zote ingepewa maji. Si ahadi ya maji. Maji yenyewe, pamoja na pampu na tangi juu ya vyuma.

Aliyeniambia ni Msomali mmoja muuza sukari mjini Kakuma, mtu ambaye hajawahi kunipunja hata gramu moja. Naye aliambiwa na dereva wa lori aliyewahi kubeba viti vya mkutano kama huo.

"Wallahi, mwalimu," alisema, "Kalemng'orok walipata maji namna hiyo. Walipiga makofi mpaka mikono ikavimba."

Huniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha hata kuku. Ni kwa sababu nilisoma shule ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na watoto wanne, yaani mtoto mmoja kwa kila kidato. Na elimu hiyo ndiyo iliyoniponza. Mtu ambaye hakusoma angecheka aende zake. Mimi nilikaa nikafikiri: homa ina kipimo chake, mbuzi ana mizani, hata mvua, ambayo kwetu huja kama mgeni asiyejua njia, ina chombo cha kuipimia. Kwa nini makofi yakose chombo?

Tena nilikuwa na sababu ya kutaka iwe kweli. Kijiji chetu kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kakuma, na pampu yetu ya mkono ilikuwa imekufa zaidi ya mwaka. Mpini wake ulipanda na kushuka vizuri kabisa, ila hautoi kitu, kama mtu anayekubali kila unalomwambia halafu hafanyi lolote. Wanawake wakarudi kuchimba mchanga wa laga, ule mto wetu mkavu. Shimo la mama yangu lilikuwa limefika kina cha mabega yake. Nikisimulia kwa marafiki nilisema lilikuwa limetokea upande wa pili wa dunia. Siku moja kingo ziliporomoka, mchanga ukamfunika hadi kiunoni. Majirani walimvuta kwa mikono. Alicheka akitoka, lakini tangu siku hiyo alitembea ameshika nyonga, na kila asubuhi alirudi kwenye shimo lile lile kwa kuwa hakukuwa na jingine. Nilitaka pampu ile ifufuke kabla mchanga haujapanda zaidi ya kiuno.

Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe kumi na wawili wa wadi yetu, nilikwenda kumweleza mama habari ya mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikung'uta mchanga kwenye mtungi.

"Na hayo maji ya makofi," akauliza, "ni ya chumvi ama ni matamu?"

Nilimwambia hilo nitalijua Lodwar.

Nikaanza mazoezi. Niliwakusanya wajumbe wenzangu katika darasa lile nililosomea, siku tano mfululizo, kila alasiri, nikawapanga zamu mbili: sita wapige, sita wapumzishe viganja, ili makofi yasikatike hata sekunde moja. Tulipaka mafuta mikononi. Nilikataza watu kufua nguo wiki hiyo. Siku ya tatu makofi yetu yalikuwa mazito kiasi kwamba mbuzi wa jirani walikimbia na, nasikia, walionekana Lokichoggio, karibu na mpaka.

Mmoja tu ndiye aliyenisumbua. Alikuwa mzee wetu wa wadi, anayekwenda kila mahali na kigoda chake kidogo cha mbao, ekicholong, kwa sababu viti vya plastiki anasema vinamteleza. Alikaa mazoezi yote mikono magotini.

"Mzee, mbona hupigi?"

"Nimpigie mtu makofi kabla sijasikia atasema nini? Na akisema upuuzi?"

"Mashine haijui upuuzi, mzee. Inajua sauti tu."

"Kumbe hiyo ni mashine ya chama kweli," akasema, na hakupiga.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa tangu asubuhi, watu wote na kofia mpya za chama. Joto la Lodwar siku hiyo lilikuwa la kupikia. Ungeweka yai juu ya kofia ungelila limeiva. Tulikaa safu ya pili upande wa kulia, na mbele yetu kabisa palisimamishwa maikrofoni ya wajumbe kuulizia maswali. Halikuulizwa swali hata moja siku nzima, kwa sababu kipengele cha maswali kilipofika tuliambiwa muda umekwisha.

Na mashine niliiona. Ilikuwa mezani kando ya jukwaa, nyeusi, pana, ina vitufe visivyo na idadi na safu za taa ndogo: kijani, manjano, nyekundu. Mtu mmoja alipozungumza taa zilipanda, aliponyamaza zikashuka. Aliyeiendesha ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliyekuja kwa kibali na vyombo vyake. Nilimnyooshea kidole gumba. Akaninyooshea cha kwake. Nikajua tumeelewana.

Msemaji wa kwanza alisema hatachukua muda mwingi. Kisha akatambua waliokuwepo, akatambua waliotuma udhuru, akatambua waliokusudia kuja wakabadilisha nia njiani. Aliposhuka, watoto waliozaliwa alipopanda walikuwa wameota meno. Sisi tulipiga makofi kwa kila jina. Taa zikapanda manjano.

Wa pili alikuwa kiongozi wa vijana, mwenye mvi. "Sisi mayut," akasema, "tunasema imetosha, wazee watupishe," halafu akaomba asaidiwe kushuka ngazi.

Wa tatu alishughulikia maadui wa chama. Hakuwataja. Alisema wapo watu fulani, na watu hao wanajijua, tena wamo humu humu ndani. Ukumbi mzima ukageuka kutazamana. Mtu wa nyuma yangu alinitazama vibaya sana, nami nikamtazama vibaya, na mpaka leo hatusalimiani. Akaendelea kusema kwamba watu fulani walikuwa na mpango fulani wa kufanya jambo fulani. Tulimpigia makofi mpaka nikahisi mifupa ya vidole inaulizana habari.

Wazungumzaji wengi walitumia Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo palikuwa na mkalimani wa kutia maneno katika Kiturkana kwa ajili ya wazee. Alikuwa kijana mwaminifu, tena mwenye haraka. Msemaji wa nne alinguruma dakika ishirini kuhusu bandari ya ziwani, kiwanda cha samaki Kalokol chenye baridi kuliko Ulaya, na treni. Mkalimani alivuta pumzi akasema, "Anasema mambo yatakuwa mazuri."

"Lini?" mzee wetu akauliza kwa sauti kutoka kwenye kigoda chake.

"Hajafika hapo," mkalimani akajibu.

Kisha akaitwa kiongozi wa akina mama, akaambiwa ana dakika mbili. Alitumia dakika mbili. Alisema ametembea vijijini, ameona wanawake ndani ya mashimo ya laga, na akauliza ni nani kati ya waliotangulia aliyewahi kuingia shimoni kuchota. Basi. Akakaa. Mimi nilikuwa nimewaashiria wenzangu zamu zote mbili wapumzike, maana aliyemfuata ni mgeni rasmi na mikono ilikuwa imeanza kuchubuka. Katika ukumbi ule mzima, mzee wetu peke yake ndiye aliyepiga makofi. Aliyapiga polepole, kwa nguvu zake zote.

"Mzee, hifadhi mikono!" nikamnong'oneza.

"Huyu nimemsikia," akasema, akaendelea.

Mgeni rasmi alifika kwa helikopta, na vumbi lake likaketi kabla yake. Hapo ndipo tulipofanya kazi iliyotupeleka. Alisema "Lodwar hoyee," tukapiga. Alisema "habari zenu," tukapiga. Alikohoa, tukapiga. Alisema bei ya unga imepanda na inamsikitisha, tukapiga kwa furaha hadi akatutazama. Aliahidi kwamba serikali yake ikija hakutakuwa na mtu wa Turkana atakayelala na kiu, na hapo, nasema kweli, makofi yetu yalisikika ziwani na samaki wakaruka. Niliangalia taa: nyekundu! Nyekundu tupu!

Kwa sababu hiyo nilishindwa kusikia sentensi iliyofuata. Mgeni rasmi alikuwa ametuomba tusimame tunyamaze dakika moja kuwakumbuka wanachama waliotutoka. Ukumbi wote ukasimama kimya. Wajumbe kumi na mmoja wa wadi yetu wakasimama wakipiga makofi. Tulipiga labda sekunde kumi, na hazikuisha. Mtu wa nyuma yangu alisema, "Nilijua tu hawa ndio wale watu fulani."

Nilijikaza. Nilijiambia aibu ya dakika moja haizidi pampu ya miaka. Watu walipoanza kugombania soda nilikwenda moja kwa moja kwa Mkongomani, aliyekuwa anakunja nyaya.

"Ndugu, tumefikaje?"

"Papa!" akasema akicheka. "Nyinyi watu ya Kakuma muko hatari! Mulipanda mpaka nyekundu. Wengine wote walibakia kwa kijani."

"Wote?"

"Wote, papa. Kidogo tu mungeniunguzia spika."

Sikuhitaji zaidi. Niliwaambia wenzangu tumeshinda. Walinibeba juu juu, isipokuwa mzee, aliyesema atasherehekea akishakunywa. Lori likawarudisha Kakuma jioni hiyo, mimi nikabaki kwa binamu yangu Lodwar. Jumapili nililishwa ugali kama mtoto, kwa sababu viganja vyangu vilikuwa na malengelenge na sikuweza kumega tonge.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza kwenye ofisi ya maji. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, na kompyuta mbele yake na chai pembeni.

"Ejok," nikamwamkia.

"Ejok noi. Karibu, baba. Nikusaidie?"

"Nimekuja kuhusu pampu. Matokeo ya makofi ya Jumamosi. Sisi ndio tuliofika nyekundu."

Aliniomba nirudie. Nikarudia, nikamweleza tulipokaa, mashine ilivyo, vitufe, kijani, manjano, na nikamwonyesha viganja kama ushahidi. Hakucheka. Alivitazama viganja muda mrefu, halafu akauliza jina la kijiji. Akabonyeza, akasoma, akavua miwani.

"Pampu yenu imekufa lini?"

"Zaidi ya mwaka sasa. Mama yangu anachimba laga. Mchanga ulishamfunika mara moja."

"Na mlimwambia nani?"

"Kila mtu! Kila mgombea aliyepita tumemwambia. Wameandika kwenye vitabu vyao."

"Hapa ofisini alikuja nani?"

Nilifikiria. Nilifikiria watu wote wa kijiji, mmoja mmoja, na mimi mwenyewe mwenye kidato cha nne, ambaye nilikuwa nimepita mbele ya lango lile kila nilipokuja Lodwar kwa binamu yangu.

"Hakuna," nikasema.

Akasogeza chai kando, akachukua fomu ya kuripoti pampu mbovu na kalamu, akaiweka mbele yangu taratibu kwa sababu ya mikono yangu.

"Baba, ile ni mashine ya sauti. Hata kanisani kwetu iko. Taa zinaonyesha maikrofoni imeingiza kelele kiasi gani, na nyinyi mlikuwa mmekaa karibu na maikrofoni. Haipimi wadi, na chama hakitoi pampu. Hapa kwetu pampu yenu imeandikwa inafanya kazi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuja kutuambia imeharibika."