Kipande cha Tatu

Harufu ya dawa ya meno hunirudisha Majengo kila asubuhi, kwenye kibanda cha fundi wa video, nikiwa na miaka kumi na moja. Naona kidole gumba cha fundi kimevikwa pamba, kinapaka dawa ile nyeupe juu ya diski iliyochubuka, taratibu, kutoka katikati kwenda ukingoni. Mama amekaa kwenye kigoda, amefunika mdomo kwa ncha ya kanga kwa sababu jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka wiki ile kwa ngumi ya Baba. Tulikwenda pale kumtafuta kaka yangu Deo ndani ya ile DVD. Alikuwa ameshakaa kaburini wiki mbili.

Ilikuwa miaka ambayo malori ya wafanyabiashara yalipanda mpaka kijijini kwetu, saa mbili kwa baiskeli kutoka mji wa Mazwi, kununua mahindi mlangoni kwa mkulima bila kusubiri chama cha ushirika. Mtaa wa Majengo, pale mjini, ulijaa redio na deki za Kichina. Baba aliuza mahindi vizuri mwaka ule, na nilipopokea komunyo ya kwanza akaleta mpiga video kutoka mjini, jambo ambalo hakuna mzazi pale kijijini aliyewahi kulifanya. Nakumbuka upepo wa Juni ukikata masikio, nyasi za uwanda zimeanza kukauka mpaka jicho linapoishia, gauni jeupe likiniwasha shingoni, na mapipa ya pombe ya ulezi yakitoa mvuke uani. Nilijiona mtu mkubwa. Kila nilipogeuka, ile kamera ilinigeukia.

Deo alikuwa na miaka ishirini. Rafiki yake mkubwa alikuwa Masanja, kijana Msukuma ambaye familia yake ilihamia kwetu na ng'ombe wengi, wakajenga ng'ambo ya kijito. Masanja alialikwa, akaja amevaa shati jipya, na Deo akamvuta katikati ya wachezaji. "Wewe bwana, unacheza kama unafukuza nzi!" Deo akamwambia, na watu wote wakacheka, Masanja mwenyewe akacheka kuliko wote. Baada ya muda mfupi mtoto mmoja akaja mbio akasema ng'ombe wa kwao Masanja wameingia kwenye ulezi wetu, ulezi ambao ulikuwa unasubiri kuvunwa wiki ile. Vijana waliokwisha kunywa wakasimama. "Kumbe na ng'ombe wenu wamealikwa leo?" mmoja akamuuliza Masanja, akamsukuma kifuani. "Jamani, niacheni nikawatoe," Masanja akasema. Hawakumwacha. Akapigwa kofi, naye akarudisha. Ndani ya muda wa kusema Salamu Maria moja, uwanja wote ukawa viboko, chupa na vigoda. Nikasikia mlio kama wa kibuyu kinachopasuka, nikaona Deo yuko chini, damu inamtoka sikioni. Miguu yake ilitikisika kidogo, kisha ikatulia.

Mtu mmoja akapaza sauti kwamba Masanja ndiye aliyempiga jiwe. Hakuna aliyeuliza. Walimpiga kwa mipini ya majembe mpaka shati jipya likawa tambara, na mmoja akamchoma jicho la kulia kwa ncha ya fimbo. Wengine walivuka kijito wakachoma nyumba ya kwao na kuwakata ng'ombe kwa mapanga, na usiku kucha tulisikia ng'ombe wale wakilia. Lazima niseme na hili, maana nimelikwepa miaka mingi. Mimi sikukimbia wala sikulia. Nilisimama juu ya benchi na gauni langu la komunyo, nikapiga kelele pamoja na watu wazima: "Muueni! Muueni!" Mwili wa Bwana ulikuwa bado unanata kwenye kaakaa langu, au ndivyo nilivyohisi. Polisi walimchukua Masanja akiwa nusu maiti. Alipopata nafuu wakamweka mahabusu kwa kosa la kumuua kaka yangu.

Wiki mbili baada ya mazishi, Baba alikwenda Mazwi kuchukua diski. Aliiangalia kwa mpiga video, peke yake. Alirudi nayo mfukoni, hakusalimia mtu, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia ulezi akaanza kuisugua diski, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama anayenoa kisu. "Ina mkosi," alisema. Mama alimshika mkono. "Baba Deo, mwanangu yumo humo anacheza. Niache nimwone." Hapo ndipo alipompiga ile ngumi, akaitupa diski kwenye shimo la taka. Mama aliitoa jioni. Kwa kuwa alidhani ni uchafu ndio umeiharibu, akaiosha kwa maji ya moto akaisugua kwa majivu, akizungusha na kuzungusha kama anavyosugua sufuria, mpaka ikafifia kama jicho lenye mtoto. Mkanda wa kamera nao haukufaa tena, kwani mpiga video alikuwa amesharekodi harusi ya watu wengine juu yake. Ndipo Mama akamwambia Baba kwamba tunakwenda mjini kununua chumvi, tukatembea.

"Shikamoo mama," fundi alimwamkia, kisha akaigeuza diski kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa kijana mpole, mwembamba. "Huku kuchubuka ningeweza. Haya majivu, mama, ndiyo yameniua." Alieleza kwamba sherehe yetu imekaa ndani katika vipande vitano vinavyofuatana. Atavitoa kimoja kimoja aviweke kwenye kompyuta, kisha aviunganishe kwa mpangilio wake na kutuchomea diski mpya. Kompyuta ilinguruma kama inayotafuna mchanga. Kipande cha kwanza kikatoka, cha pili kikatoka, na kwenye cha pili Mama akamwona Deo akicheza. Hakulia. Alisogea akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya uso wa mwanawe, na fundi akasimamisha picha, akamwacha hivyo mpaka alipoondoa mkono mwenyewe. Kipande cha tatu kikakwama. Fundi akaitoa diski, akapaka dawa ya meno, akafuta, akarudisha. Akarudia hivyo mara nne. Jua lilikuwa linapita, na Mama akanyanyuka kwenda sokoni kununua ile chumvi, maana Baba angeiuliza.

Kipande cha tatu kilifunguka Mama akiwa hayupo. Picha ilikuja kwa miraba miraba, sauti inakatika. Niliona viboko, niliona mgongo wa mjomba wangu. Kisha miraba ikaondoka na picha ikawa safi kama maji. Masanja alikuwa amemkumbatia Deo kwa nyuma, anamvuta atoke kwenye ugomvi, mikono yake yote miwili imefungana kifuani kwa Deo. Pembeni yao Baba aliinama, akaokota jiwe, akamlenga Masanja. Wakati ule ule Masanja aliteleza, na kichwa kilichobaki mbele ya jiwe kikawa cha kaka yangu.

Fundi alisimamisha picha. Habari ya mauaji yale ilikuwa imeshafika mjini. "Yule aliye mahabusu ndiye huyu aliyemshika?"

"Ndiye."

"Na huyu mwenye jiwe?"

"Baba."

Nilifikiria mdomo wa Mama. Nilifikiria kwamba Mama akijua atasema, na akisema Baba atamuua, na wakimfunga Baba watu watajua nilipiga kelele auawe mtu aliyekuwa anamwokoa kaka yangu. Hilo la mwisho ndilo lililonisukuma zaidi, sitajipamba. "Kaka, hicho usikiweke," nikamwambia.

"Una uhakika, mdogo wangu?"

"Usikiweke."

Alijikuna shingo. "Mimi nina watoto. Sitaki kuitwa mahakamani." Akaunganisha cha kwanza, cha pili, cha nne na cha tano. Cha tatu alikichoma kwenye diski peke yake, akaifunga kwa gazeti, akanipa bila kunitazama. "Hicho ni chako. Humu ndani sitaki kilale."

Mama aliporudi aliangalia kazi yote. Deo anacheza, anacheza, halafu ghafla uwanja mtupu, kigoda kimevunjika, mimi na gauni langu jeupe peke yangu juu ya benchi. "Hapo kati pamekwenda wapi?" akauliza. Fundi aliangalia waya zake. Mimi nikasema, "Pameharibika, Mama." Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Basi," akasema.

Masanja alikaa mahabusu mvua mbili, mpaka kesi ikafa kwa sababu mashahidi walipingana. Alitoka na jicho moja, na familia yake ikateremka bondeni na ng'ombe waliobaki. Baba aliendelea kutupiga kwa mikono, lakini sikumwona tena akiokota jiwe, hata la kumfukuza mbwa. Alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa mapafu. Siku ya tatu baada ya kumzika, Mama aliniita chumbani.

"Lete kile kipande."

"Kipande gani, Mama?"

"Yustina. Gauni lako la komunyo nalianika kila kiangazi lisiliwe na wadudu. Unadhani sikujua umeshona nini kwenye pindo?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuiangalia. Akasema hakuwa na haja. "Nilimwona baba yako siku ile alipoinama," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kibandani Majengo tulidanganyana wawili.

Tuliteremka bondeni kwa pikipiki mbili, kumtafuta Masanja. Kijana mmoja wa Mazwi alikuwa ameniunganishia vipande vyote vitano kwenye simu kwa muda usiozidi wa kunywa chai. Kazi ambayo fundi wa Majengo aliitolea jasho kutwa nzima, leo watoto wanaifanya huku wanatembea, na ugomvi wa kijijini unapigwa picha na simu ishirini kabla mtu hajaanguka. Siku ile kamera ilikuwa moja tu, na sote tulioona ilichokiona tulinyamaza. Masanja sasa ana mvi. Alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe, akaiweka simu upande wa jicho lake zima, akatazama mpaka jiwe lilipotua. Mama alipiga magoti. Mimi nilimwambia yote, hata yale niliyopiga kelele juu ya benchi.

"Nilikusikia," akasema. "Sauti yako ilikuwa nyembamba kuliko zote."

Hakuniambia amenisamehe, wala sikuomba aseme. Alinirudishia simu, kisha akanyoosha mkono tena kabla sijaifunga.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Pale ananicheka ninavyocheza."