Germaine na Daftari la Tarehe 17 Januari

OICHA, Februari 2003 – Saa mbili asubuhi, Germaine Kavira anafuta matope ya jana kwenye benchi la baraza ya parokia, kisha anaweka mezani kalamu ya risasi na daftari lake. Kadi ya chanjo ya mtoto ameilaza kifudifudi, tarehe isionekane.

Mbele yake ameketi Solange, aliyekimbia vita vya Mambasa na kumpoteza mwanawe njiani. Mtoto Sagesse, mwenye miaka miwili, yuko hapa. Ila homa imemchosha, na yeyote akimwita, yeye humgeuzia mgongo. Mvua imefuta jina la mama kwenye kadi. Wanawake wawili wanamdai, na wa kwanza ameshindwa kutaja siku. Solange asipotaja siku aliyomzaa, mchana huu mtoto anapelekwa Butembo, kwenye kituo cha yatima.

“Nilimuzala siku Mzee Kabila alikufa,” anasema Solange.

Mwalimu Edmond, wa kamati ya parokia ya kurudisha watoto kwa wazazi, anadakia: “Ni tarehe kumi na sita. Batu bote banajua.”

“Mwalimu, weye ulikuwa kwa Kinshasa?” anamtania Germaine. “Huku redio ilitangaza kumi na nane.”

Germaine, mwenye miaka 58, aliishia darasa la sita. Halipwi, parokia humpa bakuli mbili za maharage kwa juma. Tangu Desemba amehoji wazazi 43 wanaotafuta watoto wao. Kina mama wa huku hawashiki tarehe, wanashika habari, kwa hiyo daftari lake lina ukurasa kwa kila siku ya mwaka, na chini yake mambo ya dunia aliyoyasikia redioni.

Ukurasa wa Januari 17 umejaa. Mwaka 1961, Lumumba anauawa. Mwaka 2002, volkeno inaunguza Goma. Katikati kuna mstari uliofutwa nusu.

“Hata mimi nachanganyikiwa,” anakiri. “Siku moja, miaka mitatu, vilio vitatu.”

Anamgeukia Solange polepole. “Mudogo wangu, wacha tarehe. Ulikuwa unapika nini?”

“Sombe. Nilikuwa natwanga majani ya muhogo, uchungu ukanishika. Jirani akaingia: Mzee amekufa! Mbele ya sombe kuiva, redio ingine ikasema hapana, ni muzima, banamutunza tu. Bamoja banalia, bamoja banacheka. Mama mukunga akanigombeza: weye zala, wacha ya Mzee!”

Germaine anauinua ukurasa kwenye mwanga na kusoma mstari uliofifia: *2001, redio zinapingana. Amekufa. Hajafa.*

“Kumi na sita balimupiga risasi. Kumi na nane balitangaza. Siku ya kubishana ni ya katikati.”

Anaigeuza kadi: 17 Januari 2001.

Edmond anaisoma mara mbili. “Lakini mama, ile ni siku ya Lumumba!”

“Na ya Goma. Na ya Sagesse. Bote banaenea mu siku moja, mwalimu. Lete mutoto.”

Solange anampokea. Mtoto analia, anamsukuma, kisha analala begani kwake.

Germaine anatamani kitabu halisi cha vizazi, chenye muhuri wa serikali. Serikali ipi, hajui: Beni ina wakubwa wake, Goma wake, Kinshasa wake.

“Nitaandikia bote batatu barua moja,” anasema. “Mwenye ataleta kitabu wa kwanza, huyo ndiye serikali yangu.”