Mashuka ya Msiba

Kwa miaka kumi na moja mashuka meupe ya msiba ya mtaa mmoja wa Multan, Pakistan, yalikaa kabatini kwa Kishwar. Kukifiwa, yanatandikwa sakafuni, wanawake wanaketi kumsomea marehemu. Kisha yanarudi kwake yakiwa na madoa ya chai na samli ya pilau, naye anayafua. Hakuna aliyempa kazi hiyo, ila mtaa mzima ulimtegemea, na hilo ndilo lililompa jina.

Siku moja alinunua sokoni mipira miwili ya plastiki yenye vijiwe ndani. Muuzaji aliapa kwamba ukiitia kwenye mashine ya kufulia, sabuni huihitaji tena. Mikono ya Kishwar ilikuwa imepasuka kwa sabuni, akaamini, akaisifia mpaka kwa majirani. Mashuka ya msiba yalipotoka mashineni yamefifia, aliyasuuza kwa maji ya buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, kama alivyofundishwa na mama yake. Yakang'aa. Hakuyanusa.

Siku ya tatu tangu afariki mzee Latif, mfinyanzi, wanawake walijaa sebuleni kwa mjane wake, Sughra. Kokwa za tende zilimwagwa katikati ya shuka, kila mmoja akavuta zake za kuhesabia nyiradi. Umeme ukakatika, feni ikasimama. Joto lilipopanda, harufu ya samli iliyochacha ikapanda nalo.

"Jamani, nini hiki?" Tahira, jirani wa kona, alinong'ona kwa sauti iliyosikika kwa wote. "Au mgonjwa alikuwa akilishwa hapa hapa?"

Sughra akainamisha kichwa. "Mnisamehe, dada zangu. Tangu aanze kuugua sijapata hata nafasi ya kupiga deki."

Kishwar alijua. Harufu ilitoka chini ya goti lake mwenyewe. Akasogeza kokwa moja, akasogeza nyingine, bila kusoma kitu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mjane alikuwa anainuka, macho mekundu, akatafute ubani.

"Kaa, dada Sughra. Si nyumba yako. Ni mashuka. Niliyafua bila sabuni."

"Kwa ile mipira?" Tahira akaruka. "We Kishwar! Ulivyotutangazia vile, nami nimeshanunua minne!"

Mmoja akacheka puani, mwingine akajiziba mdomo kwa mtandio. Kishwar alitamani ardhi immeze. Sughra ndiye aliyeshusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nilidhani ni kwangu kunanuka."

Kishwar alikunja mashuka mbele ya macho yote, akayabeba peke yake. Nyumbani aliyachemsha kwa sabuni na magadi, akayafikicha mpaka vidole vikatoka damu. Mipira ile aliitia pia mara ya mwisho mashineni. Iligongagonga nguo, basi. Samli ilitolewa na sabuni.

Kesho yake aliyapeleka kwa Sughra. "Nusa," alisema, macho chini.

Sughra akanusa pindo moja, akamrudishia. "Yarudishe kabatini kwako."

Tahira, aliyekuwa amekaa pembeni, akayavuta na kuyanusa pia, shuka moja moja, bila haraka. Kishwar akasimama akingoja amalize.