Kadi Namba Tisa ya Wafumaji wa Mtoni

Siku Kokushubila alipoingia dukani kwa Editha mara ya kwanza, hakugusa uzi. Wanawake wote wanaoingia pale huanza kwa mikono. Wataminya donge, wataufungua uzi kidogo, watautoa nje ya mlango kuona kama rangi yake juani ni ileile. Huyu alisimama wima mbele ya kaunta, mkoba kwapani, akasubiri salamu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwenye duka yuko?"

"Ndiye mie."

Kokushubila akampima kwa macho, kilemba mpaka kandambili, kisha akafungua mkoba na kuanza kupanga kadi juu ya kaunta, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Zilikuwa thelathini na moja. Kila moja ilikuwa imepigwa lamineshen, ina picha ya pasipoti, jina, namba, na muhuri wa bluu: Chama cha Wafumaji wa Mtoni.

"Mie ni katibu wao. Sie si wafanyabiashara," alisema. "Tunafuma vitambaa vya makochi na mashuka ya vitanda, vya kwetu wenyewe, kwa kupumzisha akili. Tunakutana kila Alhamisi. Nimekuja kuomba punguzo la wanachama."

Editha alitaka kucheka, akajizuia. Yeye alianza na sinia la nyuzi za kushonea, akaizunguka Mtoni yote kwa miguu, toka Barabara ya Kilwa mpaka kule chini mabondeni. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa na fremu mbili za duka, na hakuzipata kwa kuwalegezea watu wenye mikoba mizuri.

"Mama, punguzo ni la anayechukua kwa dazeni."

"Watu thelathini na moja ni dazeni ngapi?"

"Watu si dazeni mpaka wanunue."

"Vizuri. Basi nipe asilimia kumi na tano, uwaone wakinunua."

"Kumi na tano! Si bora nikukabidhi funguo, mama? Nitakupa tano, kwa heshima ya kadi zako. Nyie watu wa Bukoba mnapenda makaratasi."

"Na nyie wa Njombe mnapenda kukaza mkono, sijui ni baridi. Kumi."

Walipofika kumi wakakubaliana. Donge la shilingi elfu tatu, mwenye kadi atachukua kwa elfu mbili na mia saba. Editha akataka kila kadi iwe na mwisho, madonge kumi kwa mwezi. Hapo Kokushubila akakataa kabisa.

"Shuka la kitanda cha futi sita linakula madonge ishirini na nane, na yote lazima yawe ya loti moja. Ukichanganya loti, shuka linatoka na mistari kama punda milia. Unataka ninunue nusunusu, miezi mitatu, huku naomba Mungu kiwanda kisibadilishe rangi?"

Ilikuwa kweli tupu, na Editha aliijua. Akaondoa kikomo. Lakini hakuondoa bure, naye akadai masharti yake. Kadi inamhudumia mwenye sura iliyoko kwenye picha tu. Uzi wa kadi hauuzwi kwa mtu mwingine. Na kadi moja ikikutwa na mchezo, zote thelathini na moja zinafungwa mwaka mzima.

Kokushubila, aliyekuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, aliandika masharti yale kwa mkono wake, nakala mbili, akapiga muhuri.

Sharti lile la mwisho halikuwa la mapambo. Editha alikuwa na wanawake tisa wanaouza uzi mezani, kando ya barabara na sokoni, ambao walichukua kwake kwa dazeni kwa hiyohiyo elfu mbili na mia saba, wakauza elfu tatu. Zaidi ya nusu ya uzi wa duka lake ulipitia mikononi mwao. Bei ya kadi ikivuja mtaani, wale tisa watakuwa wanauza nini?

Miezi mitatu ya kwanza kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Kokushubila alikuja Jumanne na Ijumaa. Alidai risiti hata kwa donge moja, akaikunja mara nne, akaitia kwenye bahasha. Soda hakupokea. Alikuwa anafuma shuka la rangi ya maziwa kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe, la kwanza, maana maisha yake yote alifumia harusi za watoto wa ndugu. Editha alimpenda kama mtu anavyoipenda mizani isiyodanganya.

Mwezi wa nne, Kokushubila alikuja na kadi isiyo yake.

"Hii namba tisa ni ya Bi Somoe. Kafiwa na mumewe, yule mzee Jamali mchonga vinyago. Sasa yuko eda, hatoki nje miezi minne na siku kumi. Kaniomba nimchukulie uzi, angalau mikono ipate kazi."

Editha aliitazama ile picha, mwanamke mwembamba mwenye ushungi, kisha akautazama uso uliokuwa mbele yake. Sharti lilisema mwenye sura. Lakini nani atamwambia mjane aliyekaa eda aje dukani mwenyewe?

"Mara hii tu, mama."

Haikuwa mara hiyo tu. Ijumaa iliyofuata kadi ilikuja tena, na iliyofuata. Editha alikuwa na daftari la kadi. Mwezi ulipokwisha alijumlisha, akajumlisha upya. Namba tisa ilikuwa imechukua madonge tisini. Mwezi uliofuata yakafika mia moja na ishirini. Mtu mmoja mwenye mikono miwili, hata akifuma toka alfajiri hadi magharibi, hawezi kuumaliza uzi ule. Na rangi zilikuwa za kila aina. Mtu anayefuma shuka hachukui rangi saba.

Jumatatu yake akaingia Jenipher, mkubwa wa wale wauzaji wa mezani, hata pochi hajaishusha.

"Da Editha, umeanza lini kutuuza?"

"Nimekuuza kwa nani tena?"

"Uzi wako uko mtaani kwa elfu mbili na mia saba. Donge mojamoja! Mie nachukua dazeni nzima nabeba kichwani kwa bei hiyo, kuna mtu anapewa moja akiwa amekaa kwenye mkeka."

"Umeuona wapi?"

"Nimeuona. Wapi hakukuhusu."

"Kunanihusu, shosti. Nikamate nani sasa?"

"Kamata unayemjua. Nakupa mpaka Jumamosi. Ikifika hujaziba hilo tundu, mie nahama, na wenzangu wanane nawabeba. Kariakoo maduka ya jumla hayakatai wateja."

Alipotoka, Editha alikaa kwenye stuli. Katoni arobaini alikwisha agiza, nyingine kwa kutegemea chama, nyingine kwa kutegemea meza. Akizifunga kadi zote, chama kinaondoka. Asipozifunga, meza zinaondoka. Wali wa mchana ulipoa hajautia mkono. Aliwazia kila sura iliyopita kaunta ile, na kila akizunguka alirudi kwa mtu mmoja. Anayeleta kadi ni nani? Anayebeba uzi ni nani? Pensheni ya karani ni ya kununulia nini siku hizi? Mama yule na muhuri wake na bahasha yake, kumbe alikuwa anajenga jina ili ale vizuri.

Ijumaa Kokushubila akaja. Kadi namba tisa, madonge thelathini. Editha akafunga mzigo taratibu, akimtazama. Mama yule alihesabu noti mara mbili akakosea. Kisha akachukua mfuko, akaaga, akaondoka.

Hakudai risiti.

Kitu hicho kilimtisha Editha kuliko maneno yote ya Jenipher. Alishusha mlango wa duka saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi. Akanunua kilo mbili za sukari, maana nyumba ya msiba haiendwi mikono mitupu, akauliza njia ya kwa marehemu mzee Jamali.

"Hodi hapa!"

"Karibu ndani!" Ziliitika sauti nyingi mno kwa nyumba ya mjane mmoja.

Sebuleni hapakuwa na pa kukanyaga. Bi Somoe alikuwa ameketi mkekani kwa nguo nyeupe, bila wanja wala bangili, na wanawake wamemzunguka, wengine wamefurika mpaka ukumbini. Editha aliwahesabu, ndiyo tabia yake: kumi na wanne, kila mmoja ana uzi wake mapajani na ndoano ya kufumia mkononi. Hakuna hata mmoja ambaye sura yake iko kwenye kadi. Kwenye kona, mfuko wa duka lake ukiwa bado miguuni, alikuwa Kokushubila. Alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

Editha alitoa pole yake kwanza, akakabidhi sukari. Kisha akasema, "Bi Somoe, nimekuja kuangalia kadi namba tisa inavyofuma."

Mmoja akacheka puani, akainamia uzi wake.

"Mwanangu, usimtazame huyo katibu," alisema Bi Somoe. "Nitazame mie. Hawa walikuja kukaa na mie nisiwe peke yangu. Wiki ya kwanza tulilia. Wiki ya pili maneno yakaisha, tukawa tunatazamana kama kuku. Nikawafundisha kufuma. Wakataka uzi. Mtu amekuja kunishika mkono kwenye msiba, nimwambie kanunue kwa elfu tatu wakati kadi ninayo? Ningeanzia wapi?"

"Na umeongeza ngapi juu?"

"Hata shilingi! Wanatoa elfu mbili na mia saba, anapewa katibu."

"Na mama katibu anapata nini?"

"Presha," alisema Kokushubila. "Hiyo ndiyo nimepata. Mara ya kwanza nilijua ni uzi wake. Nilipojua ni wa wote, nilishapita kwako mara tatu. Mkataba nimeuandika mwenyewe, mwanangu. Kila Ijumaa nasema leo namwambia Editha, nikifika kaunta ulimi unakuwa mzito. Watu thelathini na moja wangepoteza kadi kwa mdomo wangu."

"Na Jenipher ameuona wapi?"

Yule aliyecheka puani akainua mkono kama mwanafunzi. "Nadhani kwangu, dada. Mie ni Gladness, mke wa kaka yake. Tunakaa ua mmoja. Aliniona na uzi wa bluu, akaniuliza bei, nikamtajia."

"Umemtajia kwa kumkoga, kumringishia," alisema jirani yake.

"Nimemkoga, ndiyo. Hata sabuni anayoweka mezani kwake ananiuzia bei ya dukani, wifi yangu huyo!"

Wakaangua kicheko, hata Bi Somoe, akakumbuka eda akaziba mdomo kwa ushungi. Editha hakucheka. Sasa alielewa kwa nini Jenipher hakusema wapi. Nani atatangaza sokoni kwamba nyumbani kwao wenyewe hawanunui mezani kwake? Mwizi aliyemtafuta wiki nzima hakuwepo. Lakini tundu lilikuwepo, na lazima lizibwe kesho.

"Mkataba unasema kadi zote zinafungwa," alisema.

"Funga yangu," akajibu Kokushubila. "Namba moja. Mwaka mzima."

"Moja kwa thelathini na moja? Hayo si mabadilishano, mama."

"Moja, na wanachama wapya kumi na wanne. Wote wana mikono, umewaona. Watapiga picha wiki hii hii."

Editha akawapitia tena kwa macho. Kumi na wanne walioonja kufuma, na shuka la madonge ishirini na nane hawajaanza.

"Sawa, yako inafungwa. Na kikomo kinarudi. Madonge thelathini kwa kadi kwa mwezi, shuka moja linatosha. Namba tisa inalala mpaka mwenyewe atoke eda aje kwa miguu yake. Na tofauti ya madonge mia mbili na arobaini nalipwa. Elfu sabini na mbili."

"Hela sina," alisema Bi Somoe. "Lete lile boksi."

Boksi lilikuwa la ndoano za kufumia, za mpingo, laini kama zimelambwa. Mzee Jamali alizichonga jioni jioni baada ya vinyago. Zilikuwa thelathini na tano.

"Elfu mbili kila moja," alisema mjane.

"Elfu moja. Za chuma nauza mia tano."

"Za chuma zinakwaruza kidole. Na aliyezichonga hachongi tena. Elfu mbili, na hiyo elfu mbili inayobaki kwenye deni iwe chai yangu."

Editha akaipitisha moja kwenye uzi. Haikukwama. Akafunga boksi, akalikumbatia.

Jumamosi alimweleza Jenipher yote, bila kuficha jina. Alidhani atashukuru. Jenipher alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Sawa, da Editha, nimekusikia," na hakukanyaga tena dukani. Aliona aibu, na siku hizi anachukua mzigo Kariakoo. Wale wanane walibaki, kikomo kiliwatuliza.

Chama sasa kina watu arobaini na watano. Ukatibu walimpa Gladness, ambaye mwandiko wake hausomeki. Bi Somoe alitoka eda, na wiki ileile alikuja dukani na kadi yake, akasimama kaunta akiwa amepaka wanja. Ndoano za mpingo ziliisha kwa elfu tatu na mia tano kila moja, bila punguzo kwa kadi yoyote. Editha aliuza katoni zake zote arobaini, akampoteza mteja wake mkubwa wa mezani.

Kokushubila bado anakuja Jumanne na Ijumaa, bila kadi. Haongei sana kama zamani. Ananunua donge moja, mara chache mawili, anadai risiti, anaikunja mara nne. Shuka lake limebakiza madonge kumi na moja, na ile loti imekwisha kwenye rafu. Editha ameyaweka kumi na moja ya mwisho chini ya kaunta, yamefungwa kwenye mfuko wenye jina lake. Kila moja elfu tatu.