Mwaridi Ndani ya Mgomba

Mimi sikuwahi kushindwa na mti. Watu wa Moroni husema mwaridi haushiki katika mawe yao meusi ya volkano, na mimi, mzaliwa wa Mutsamudu katika kisiwa kingine, kwetu kwenye mito, niliwacheka wakati ule na ninawacheka mpaka leo. Mawe hayakunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni kipupwe, na baadaye ng'ombe.

Ilikuwa miaka ile ya mamluki, wazungu waliokuja na bunduki wakakaa kama wenye nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa sina nyumba. Kwetu Komoro nyumba ni ya mwanamke: wazazi humjengea binti, mume akahamia humo. Mimi niliyapindua mambo, nikamfuata mume wangu, karani wa serikali, mpaka Moroni, tukakaa kwa dada yake. Ua ulikuwa wa wifi, jiko la wifi, birika la kukingia maji ya mvua la wifi. Hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa yake, na hakuchoka kunikumbusha.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa anaolewa, na nyumba yake ilibidi isimame pale pale penye mwaridi wa mama. Nilipofika Mutsamudu kusaidia harusi niliukuta umekwisha kung'olewa. Fundi alikuwa anapanga msingi, huku akinung'unika juu ya lundo la mawe lililokuwa kando, ambalo mama alimkataza kuligusa. Mimi mawe sikuwa na haja nayo. Niliumia kwa mwaridi ule, ambao nilichuma maua yake tangu sijajua kufunga leso. Mama alikuwa ameokoa vijiti vichache, amevifunga katika kitambaa kibichi. Akanitia mkononi.

"Mdogo wako kapata nyumba," alisema. "Wewe chukua hivi. Vikifa, ndiyo basi, vingine hakuna."

Nilivipakata kwenye boti mpaka Moroni. Kwangu havikuwa vijiti tu. Vikifa, nisingekuwa na kitu changu kilichosimama katika kisiwa chochote kati ya viwili hivyo.

Kipupwe cha Ngazidja, kisiwa cha Moroni, si baridi ya kumsimulia mgeni. Usiku upepo hushuka kutoka mlimani, mchana kusi hukausha kila kilichoanikwa na kisichoanikwa, na mvua husahau kunyesha. Kijiti kisicho na mizizi hukauka kabla hujamaliza kukionea huruma. Niliviezekea makuti, nikavijengea vijikuta vya mawe upande wa upepo, lakini bila maji yote hayo yalikuwa mapambo tu. Nilipochota kata moja birikani, wifi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Wifi yangu, maji haya ni ya watu."

Alisema kweli, na ndiyo sababu nilikasirika zaidi.

Sasa, wifi alikuwa anamnenepesha ng'ombe kwa ajili ya harusi kubwa ya binti yake, mwaka uliofuata. Ng'ombe huyo hakupewa hata tone kutoka birikani. Alikatiwa mashina ya migomba, akayatafuna, na maji yaliyomo yakamtosha. Siku moja nilikuwa namtazama akitafuna, udenda unamtiririka, nikajiambia: kinachomnywesha mnyama mzima kitashindwaje kunywesha kijiti?

Nikakata vipande vya shina la mgomba, urefu wa mkono, nikavitoboa, nikachomeka kijiti kimoja katika kila kipande, nikavifukia nusu udongoni na makuti juu. Halafu nikangoja, ingawa kungoja sikujaliwa. Kila asubuhi nilifunua makuti nikachungulia, na wifi alikuwa akipita nyuma yangu akiguna. Mpaka siku niliyoona vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za mchele! Nilimwambia mume wangu, nikawaambia majirani, nikawaambia wauza samaki wa soko la Volo Volo ambao hawakuniuliza. Nilitamba, sikatai, na nilikuwa na haki ya kutamba.

Asubuhi moja nilirudi sokoni nikamkuta ng'ombe amekata kamba na makuti yangu yametapakaa uani. Mashina yote yaliyokuwa katikati ya ua alikuwa ameyatafuna, na vijiti amevitema kwa sababu ya miiba, vimepondeka. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, samaki wangu mapajani.

Wifi alitokea mlangoni. "Umemtandikia ng'ombe chakula, halafu unamlilia kwa kula?"

Ningelimjibu, ningelifukuzwa siku ile ile. Nilitambaa mpaka kwenye pembe ya ua, nyuma ya mawe, mahali ambapo pua ya ng'ombe haifiki. Palikuwa pamebaki kipande kimoja cha mgomba, na kijiti chake kimesimama.

Alasiri nilimwona wifi, nguo ameipandisha magotini, anabeba mawe ya vijikuta vyangu vilivyoangushwa na ng'ombe na kukizungushia kile kijiti.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Namwonea huruma ng'ombe wangu, asije akachomwa na miiba."

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kutawadha, maji yaliyobaki katika kopo aliyamwaga pale penye mawe. Hakulisema jambo hilo hata mara moja, nami nikajifanya sioni.

Mama alikuja mwaka uliofuata, kwenye harusi ya binti wa wifi. Mwaridi ulikuwa umenifika kiunoni, na ulikuwa umechanua. Aliunusa, akauzunguka, akaomba kisu, akakata tawi zuri kuliko yote.

"Mama! Kipupwe kizima nimeulinda huu!"

Hakunisikiliza. Alichomeka tawi katika kipande cha mgomba, na siku ya safari akalibeba kwapani mpaka bandarini. Pale getini mamluki mmoja alichoma shina lile kwa kisu, maji yakamchuruzika kwenye kiatu. Akauliza kwa Kifaransa, askari wetu akatafsiri: nini hiki?

"Mwaridi wa nyumba ya binti yangu," mama alijibu, bila kumtazama mzungu.

"Mdogo wangu hapendi miti mlangoni," nilidakia. "Ataung'oa."

"Nani kamtaja mdogo wako? Wa nyumba yako."

"Nyumba gani, mama?"

"Lundo lile la mawe kwetu ulidhani nilimkatazia fundi nini? Msingi umefika magotini."

Nililia pale pale, mbele ya bunduki na abiria wote. Kisha nikafuta uso, nikamwambia aupande upande wa jua la asubuhi, kwa sababu mlango wangu nautaka huko.